Mbu Waliobaki Hai Kwenye Mrija

Ninafuga mbu. Watu wakiniuliza kazi yangu huwaambia niko maabara, na wengi huishia hapo, wakidhani napima damu au choo. Mama yangu, anayeishi upande wa Ikungi, ndiye pekee aliyedai maelezo kamili. Nilipomaliza kumweleza aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea mtama, akaniuliza, "Ulikaa chuo miaka mitatu ili ufuge mbu?" Nikamjibu ndiyo. Akasema basi angalau nisimletee nyumbani.

Chumba chenyewe kipo Singida Mjini, nyuma ya ofisi, mwendo mfupi kutoka Ziwa Kindai. Ndani yake lazima kuwe na joto na unyevu, vitu viwili ambavyo mji wetu hautoi kwa urahisi, kwa sababu upepo wa huku hukausha kila kitu hadi midomo ya watu. Tunatundika mataulo yaliyolowa, na miezi ya baridi tunawasha hita. Mbu wanakaa kwenye vizimba vya wavu, kila kizimba kina mkono wa kitambaa wa kuingizia mkono wako bila kuwatoa. Chakula chao ni pamba iliyolowekwa kwenye maji ya sukari. Majike huongezewa damu ya sungura, maana bila damu hawatagi.

Hawa ni mbu wa kufugwa. Mayai yao yaliletwa kutoka maabara nyingine, na vizazi kwa vizazi wamekaa vizimbani bila kuonja dawa yoyote. Kazi yao ni kufa. Ukiwagusisha dawa ya kuua wadudu wanaanguka, na wakianguka unajua kwamba dawa yako ni nzima. Ndipo unaweza kuwapima mbu waliotoka kijijini kwa dawa ileile na kuamini unachokiona. Ofisini tunawaita wapole.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kijiji kimoja bondeni, chini ya Shelui, mbali kidogo na barabara ya malori yanayokwenda Nzega. Mvua zikiisha, watu wa pale wanalima vitunguu kwa maji ya visima vya kuchimba kwa mkono. Kazi yangu haikuwa mbu bado. Ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kukagua vyandarua vyenye dawa vilivyogawiwa miezi michache kabla, na kujaza fomu. Je, kimetundikwa? Kina matundu? Kimefuliwa mara ngapi?

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa ya mama mmoja mjane, Mnyiramba, wa miaka sitini hivi, aliyekuwa akilea mjukuu wa kike wa miaka minne. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Chandarua kilikuwa juu ya kitanda cha kamba, kimechomekwa vizuri pande zote. Niliandika kwamba kimetundikwa.

"Binti," akaniambia, "kabla hujaandika zaidi, njoo uone."

Alininyooshea kidole kwenye pembe ya chandarua. Mbu alikuwa ametua juu ya nyuzi zenyewe, upande wa nje, mkia wake umeinuliwa juu kama wanavyokaa mbu wa malaria. Mama yule akapuliza pumzi kidogo. Mbu akaruka, akazunguka, akarudi akatua palepale.

"Huyu amelala hapa tangu alfajiri. Vile vya zamani, ukiamka asubuhi unafagia mbu sakafuni. Hiki wanakifanya kitanda chao."

Nikamuuliza amekifua mara ngapi.

"Sijakifua hata mara moja."

Nilikitazama. Kilikuwa kimepoteza weupe kwa moshi wa jikoni, kina rangi ya chai ya maziwa. Semina niliyohudhuria wiki iliyotangulia ilikuwa imetufundisha kwamba mbu asipokufa kwenye chandarua, sababu ni mtumiaji: amekifua kupita kiasi, au amekianika juani, au ametumia sabuni kali. Pia ilitufundisha kwamba watu husema wanachodhani unataka kusikia. Sikumwamini. Chini ya swali la kufua niliweka alama kwenye kisanduku cha "zaidi ya mara tano", nikamshukuru, nikaondoka.

Miezi miwili baadaye mjukuu wake alipata degedege. Kipimo cha zahanati kilionyesha malaria, na alikuwa amekwisha kuishiwa damu. Wakampeleka kwa gari la mizigo hadi hospitali ya wilaya, akaongezewa damu, akapona. Haya niliyasikia kutoka kwa bibi yake mwenyewe, mbele ya watu, kwenye mkutano wa kijiji ambao mkuu wangu wa kazi aliuitisha ili kuzungumzia matokeo ya ukaguzi. Mkuu ni mtu makini, mwenye miaka mingi katika kazi hii, na siku ile alizungumza vizuri kuhusu kufukia madimbwi na kuwahi zahanati. Alipokaribisha maswali, mama yule akasimama.

Alieleza habari za mjukuu wake bila kulia wala kupandisha sauti. Kisha akasema, "Mtoto huyu halali nje ya chandarua. Mimi ndiye ninayemlaza. Chandarua mlichotuletea hakiui mbu. Nimelisema hili kwa binti yako huyu aliyekaa hapo, na alimwona mbu kwa macho yake."

Watu walinigeukia. Mkuu naye alinigeukia, lakini si kuniuliza. Alikuwa akitafuta karatasi. Akapekua fomu zilizokuwa mbele yangu, akaipata ya mama yule, akaiinua juu.

"Mama, pole sana kwa mtoto," akasema. "Lakini hapa imeandikwa kwamba chandarua chako kimefuliwa zaidi ya mara tano kwa miezi michache. Hakuna dawa inayobaki hapo. Na maneno kama haya unayoyasema yanaua watu, kwa sababu wenzako wakikusikia wataacha kutumia vyandarua."

Kuna watu walicheka. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema kwa sauti kwamba huyo naye kwa usafi amezidi, na kicheko kikaongezeka. Mama yule aliendelea kusimama kwa muda, akinitazama mimi, wala si mkuu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilitazama meza. Kisha akakaa, na mtendaji wa kijiji akaita swali linalofuata.

Njiani kurudi mjini mkuu aliniambia kwamba fomu zangu zilikuwa safi na zimemsaidia. Nikasema asante.

Msimu uliofuata nilihamishiwa kwenye chumba cha mbu, na kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kupima usugu: kujua kama mbu wa maeneo mbalimbali ya mkoa bado wanakufa kwa dawa iliyo kwenye vyandarua. Orodha ya maeneo ilipokuja, kijiji kile kilikuwemo. Si kwa sababu ya mama yule. Kilichaguliwa kwa kuwa gari linafika na viluwiluwi wanapatikana hata kiangazi, kwenye visima na mifereji ya vitunguu.

Nilikwenda nikiwa na upawa mweupe wa mpini mrefu, beseni na ndoo zenye mifuniko. Mwenyekiti wa kitongoji alinipeleka kwenye mashamba, na la kwanza lililokuwa na viluwiluwi wengi lilikuwa la mama yule. Alikuwa anapulizia dawa vitunguu vyake, bomba mgongoni, khanga kuukuu imefungwa puani. Nilimwamkia, akaitikia. Nilimwomba ruhusa ya kuchota maji.

"Chota," akasema, na akaendelea kupuliza.

Viluwiluwi wa mbu wa malaria hulala bapa juu ya maji, sambamba na uso wake, tofauti na wa mbu wengine wanaoning'inia kichwa chini. Ukiinama ukatazama kwa upande unawaona kama vijiti vidogo. Kwenye shimo lililokuwa pembeni mwa majaruba yake ya vitunguu, kwa kuchota mara chache nilipata wengi kuliko niliowahi kupata asubuhi nzima kwingineko. Wakati nachota, alikuja na bomba lake lililokwisha, akajaza maji kutoka kisimani, akalitikisa, akamwaga masalio kwenye mfereji unaoshuka kwenye shimo lilelile. Niliona maji yakiwa na povu. Wakati ule sikuona uhusiano wowote. Niliandika tu kwenye daftari: maji yana povu, shamba linapuliziwa.

Ilichukua siku kumi hivi viluwiluwi wale kuwa mbu. Niliwalisha chakula cha samaki kilichosagwa, nikabadilisha maji, nikawahamishia kizimbani walipokaribia kuwa mbu kamili. Majike walipofikisha siku chache za umri, tulifanya kipimo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unachukua mrija wa plastiki unaobandikwa ndani karatasi iliyopakwa dawa, unaingiza mbu ishirini na tano kwa kuwanyonya taratibu kwa mpira wenye kichujio, unawaacha saa moja. Kisha unawahamishia kwenye mrija usio na dawa, unawawekea pamba ya sukari, na kesho yake saa ileile unahesabu waliokufa. Pembeni kunakuwa na mirija ya wapole kwenye dawa ileile, na mingine ambayo karatasi yake haina dawa kabisa.

Wapole walianza kuanguka kabla sijamaliza kupanga mirija. Mbu wa bondeni walizungukazunguka, wakatua juu ya karatasi yenye dawa, wakatulia. Saa moja ilipokwisha wachache tu walikuwa chini. Kesho yake niliingia nikiwa bado na mkoba begani. Wapole wote walikuwa wamekufa. Wale wa bondeni, wengi wao walikuwa wamekaa kwenye pamba wakinywa sukari, na baadhi ya walioanguka jana walikuwa wameamka.

Nilimwita mkuu. Aliinama, akatazama mrija mmoja baada ya mwingine.

"Umechanganya karatasi," akasema. "Rudia."

Nikarudia kwa karatasi mpya, nikiandika kila mrija kwa kalamu isiyofutika. Matokeo yalikuwa yaleyale. Akasema huenda joto la chumba lilishuka. Mara ya tatu alivaa koti akafanya mwenyewe, nami nikashika saa. Alifanya kila kitu kwa utaratibu mzuri kuliko mimi, ndiye aliyenifundisha. Kesho yake tulikwenda pamoja. Alihesabu, akahesabu tena, akanawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja.

"Andika," akasema.

Niliandika. Nilipofika kwenye safu ya mahali walikotoka, nilijaza jina la kijiji kile. Nilikuwa nakumbuka mbu aliyepulizwa pumzi akarudi kutua palepale. Niliogopa, lakini si woga mkubwa. Ulikuwa kama ule wa mtu anayepapasa mfuko na kukuta ufunguo haumo.

Mbu wale, waliokufa na waliopona, tuliwatenganisha. Kila mmoja aliwekwa kwenye kichupa chake chenye chembe za kukausha unyevu, akapewa namba, wakapelekwa maabara kubwa iliyo na mashine za kusoma vinasaba. Majibu yalichukua muda mrefu kurudi, na yalipokuja mkuu alinikabidhi nisome kwanza mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Kwanza, mbu wetu hawakuwa wa aina moja. Kwa darubini nilikuwa nimewaweka wote kundi moja, kwa kuwa wanafanana hadi mabaka ya mabawa, kumbe ni aina mbili zisizozaana vizuri, na tabia zao ni tofauti: mmoja anapenda kuuma na kupumzika ndani, mwingine anaweza kuuma ng'ombe akalala zizini. Pili, ndani ya aina moja, hawakuwa sawa. Dawa ya chandarua humpiga mbu kwenye mishipa ya fahamu, mahali penye kitu kama kilango kidogo. Inakishika kilango kibaki wazi, na mbu anatetemeka hadi kufa. Baadhi ya mbu wa bondeni walikuwa na mabadiliko ya herufi moja tu katika vinasaba vyao, na kwa herufi hiyo kilango chao kina umbo ambalo dawa haiwezi kulishika vizuri. Wengine waliirithi kwa mama na baba, wengine kwa mzazi mmoja, wengine hawakuwa nayo. Tena wapo waliokuwa na kilango cha kawaida kabisa lakini walipona. Hao, ilielezwa, miili yao hutengeneza kwa wingi kitu kinachoisaga dawa kabla haijafika kwenye mishipa.

Nilikaa na karatasi zile mchana mzima. Nilikuwa nimezoea kusema, kama watu wote, kwamba mbu wameizoea dawa, kana kwamba kila mbu alijifunza. Haikuwa hivyo. Tofauti zilikuwepo miongoni mwao. Dawa ilikuja ikawaua waliokosa herufi ile, ikawaachia shamba waliokuwa nayo, wakazaa. Na dawa haikuwa ya vyandarua peke yake. Nilifungua daftari langu la zamani nikasoma mstari ule kuhusu povu. Siku iliyofuata nilikwenda duka la pembejeo, nikaomba kuona chupa ya dawa ya vitunguu. Kwa maandishi madogo nyuma yake palikuwa na jina la kemikali. Ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya chandarua.

Nilimwambia mkuu kwamba inafaa turudi kijijini tukawaeleze.

"Tuwaeleze nini?"

"Kwamba mama yule alisema kweli."

Alivua miwani. "Ukiwaambia dawa haiui, kesho utavikuta vyandarua vimezungushiwa bustani za mchicha. Na chandarua hata bila dawa kinazuia mbu asimfikie mtu. Wewe unalijua hilo. Ripoti inakwenda juu, watatuletea vya aina nyingine. Tusubiri."

Hakuwa amekosea. Nilikubaliana naye kwa kila neno, na bado nilipopangiwa kwenda kukusanya mbu wa ndani asubuhi, niliomba nyumba yake iwe kwenye orodha.

Nilifika kukiwa kumepambazuka vizuri. Mjukuu, sasa ana miaka sita, alikuwa anavaa sare za shule ya awali. Nilipita ukutani na tochi na mpira wa kunyonyea mbu, nikapata saba nyuma ya sanduku la nguo, wote matumbo mekundu. Mama yule aliwatazama ndani ya kikombe.

"Hiyo ni damu yetu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Nikaweka kikombe chini, nikamweleza. Nilianza na mirija, nikaja kwenye wapole waliokufa na wa shambani kwake waliokunywa sukari. Halafu nikamweleza kuhusu fomu: kwamba alinijibu hajafua, nami nikaandika amefua zaidi ya mara tano. Hakujua hilo. Miaka yote miwili alidhani ni mkuu aliyesoma vibaya.

"Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi. Sikukuamini."

Alimwita mjukuu, akamfunga kifungo cha shati, akamwambia awahi. Mtoto alipotoka, bibi yake alikaa aking'oa manyasi yaliyonasa kwenye pindo la khanga. Kuna maneno aliyasema kwa Kinyiramba, taratibu. Mimi ni Mnyaturu, lugha zetu ni ndugu, nikashika moja mawili: aibu, na watu.

"Nilizomewa," akasema kwa Kiswahili. "Hata kisimani walikuwa wananiita fundi wa kufua."

Nikamwomba radhi. Hakuipokea wala kuikataa. Akauliza sasa afanye nini, maana ukimwambia mtu chandarua hakiui, umwambie na cha kufanya. Nikamwambia aendelee kukitumia na kuziba matundu, na akiona mtoto ana homa asisubiri. Kisha nikamweleza habari za chupa ya dawa ya vitunguu, na maji yenye povu, na shimo.

Hapo alinikazia macho. "Yaani hawa mbu nimewafuga mimi?"

"Si wewe peke yako. Bonde zima linapuliza. Na vyandarua vyenyewe vina dawa hiyohiyo. Lakini shimo lile lina mchango wake."

"Nisipopuliza, wale wadudu wanachuna majani yote na vitunguu vinabaki kama vya kuchezea watoto. Nitaacha kulima?"

Nilimwambia kwamba angalau masalio ya bomba asimwage kwenye mfereji. Achimbe shimo kavu mbali na maji. Akasema atafikiria. Nilipokuwa nafunga vikombe vyangu akaniambia, bila hasira:

"Ulininyamazia mbele ya watu. Useme mbele ya watu."

Nafasi ilikuja mwaka uliofuata, vyandarua vipya vilipoletwa. Hivi vilikuwa na dawa ya kawaida pamoja na kitu cha pili kinachozuia mwili wa mbu kuisaga dawa ile. Ugawaji ulifanyika uwanja wa zahanati, asubuhi, watu wamepanga foleni mbili, ya wanawake na ya wanaume. Mkuu alikuwa Singida kwa kikao. Mimi nilipewa dakika kumi za kueleza kwa nini vimebadilishwa, pamoja na karatasi ya maneno ya kusema. Karatasi ilisema vyandarua vipya vimeboreshwa.

Nilisoma karatasi. Kisha nikaiweka mezani.

"Kwenye mkutano wa hapa, mama mmoja alisimama akasema chandarua hakiui mbu. Akaambiwa amekifua sana. Hakuwa amekifua. Mimi ndiye niliyejaza fomu ile, na niliandika uongo, kwa sababu sikumwamini. Tumepima mbu wa bonde hili mara tatu. Alisema kweli."

Sijui nilitegemea nini. Mtendaji wa kijiji alikohoa, akatazama saa yake. Foleni ilikuwa imekaa juani tangu asubuhi na watu walitaka waondoke. Kijana mmoja akauliza kama vile vya zamani sasa vinaweza kuzungushiwa banda la kuku. Nikamjibu hapana, visitupwe hadi vipya vitundikwe, na nikaeleza tena kwamba wavu wenyewe unakinga hata dawa ikidhoofika. Yule mwanamke aliyemcheka kwenye mkutano alikuwa foleni ya pili. Nilimwona akiinama kumnong'oneza mwenzake. Sikusikia alichosema.

Mama yule alikuwa katikati ya foleni ya wanawake. Alisonga kama wengine, akataja idadi ya watu wa nyumba yake, akaweka dole gumba, akapokea viwili. Alipofika kwangu alisimama.

"Hiki kitaua kwa muda gani?"

"Sijui, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu linalomtosha. Akaviweka vyandarua kichwani, akashika njia ya mashambani.

Mkuu alipata habari kabla sijafika mjini. Alinitaka niandike maelezo kwa nini nilitoka nje ya karatasi. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, pamoja na habari ya kisanduku nilichokiwekea alama. Alisoma mbele yangu. Akaniuliza ni fomu ngapi nyingine nilizijaza hivyo. Nikamwambia ukweli: kwamba sikumbuki, lakini si hiyo peke yake. Kisha akasema semina ile ya kufua vyandarua aliiandaa yeye, na kwamba alikuwa na uhakika. Maelezo yangu aliyatia kwenye jalada. Hakunifukuza wala hakunisifu, na tangu hapo fomu za ukaguzi zina mstari mmoja mtupu chini ya kila swali, wa kuandika jibu la mtu kama alivyolisema. Aliuweka mwenyewe.

Kila mwaka narudi bondeni na upawa wangu. Safari ya mwisho nilikuta mama yule amechimba shimo lake la kumwagia masalio, kavu, mbali na mfereji, limewekewa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Bado anapuliza, lakini anabadilisha dawa. Alinionyesha chupa mbili na kuniuliza kama ni za ukoo mmoja na dawa ya chandarua. Moja ilikuwa, nyingine haikuwa. Majirani zake wawili wamechimba mashimo kama hilo. Wengine wamemwambia hawana muda wa kuchimba.

Mjukuu hajalazwa tena. Homa amepata mara mbili, akawahishwa, akapewa dawa mseto, akarudi shuleni.

Tulipopima mbu kwa vyandarua vipya wengi walikufa, wachache hawakufa. Wale wachache niliwatia kwenye vichupa, nikawapa namba.

Siku ile nilichota maji kwenye shimo la zamani la mama yule, pembe zote. Hapakuwa na kiluwiluwi, ila wadudu wa majini wanaowala, ambao zamani dawa ilikuwa ikiwaua. Nikavuka tuta, nikaomba ruhusa kwa mwenye shamba linalofuata, nikainama nikatazama maji kwa upande. Walikuwepo, wamelala bapa, wengi. Nikafungua mfuniko wa ndoo nikaanza kuchota.